Unywele Juu ya Malkia

9 Februari

Kwako mpwa wangu,

Mimi ni mzima wa kutosha. Goti la kushoto linalalamika asubuhi, likishapata joto linanyamaza, kama wateja wangu. Msalimie dada yangu, yaani mama yako, umwambie lile sweta alilonifumia limenikaa vizuri mikono yote miwili, tatizo ni shingo tu. Tangu mkaza mjomba wako atutoke sijapata mtu wa kuniambia nguo ipi inanifanya nionekane mgonjwa, kwa hiyo navaa zote.

Kazi ipo. Juzi nililetewa mizani ya duka la nyama iliyokosea gramu sitini, na kila ikikosea inamwelekea mwenye duka. Nikamwambia, "Mizani ikiharibika yenyewe huharibika ovyo ovyo. Hii imefundishwa." Akacheka peke yake. Nikairekebisha.

Saa kumi na moja jioni nafunga karakana, navuka barabara, naingia kwa Kinyozi. Utaratibu wetu unaujua, huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Ubao wa sataranji unakaa kwenye stuli kati ya kiti cha kunyolea na benchi la wateja. Yeye ananyoa, mimi nafikiri. Nikishacheza anageuka na mkasi mkononi, anacheza, anarudi kwenye kichwa cha mtu. Mteja akinung'unika anaambiwa atulie, sikio likikatwa halioti tena. Na kwa kuwa nywele zinarukia ubao kutwa nzima, tuna sheria mbili. Ya kwanza ni ya wachezaji wote popote walipo: ukigusa kete umecheza, lazima uisogeze hiyo hiyo. Ya pili ni yetu sisi wawili: ukitaka kuondoa unywele juu ya kete, kwanza sema kwa sauti, "Nywele!" Usiposema, umegusa. Wateja wapya hudhani tunawasimanga.

Mwaka huu Kinyozi ana bahati ya kuudhi. Amenifunga mara saba mfululizo, na kila akinifunga anaupuliza mkasi wake kama anazima mshumaa. Barua hii naiandikia hapa hapa kwenye benchi lake, anamkwangua ndevu mwalimu mmoja mstaafu.

Sasa mchezo wetu mimi na wewe. Usinipigie simu kuuliza nimecheza nini. Simu ni ya msiba na ugonjwa, na mtu mwenye simu mkononi hucheza kwanza akafikiri baadaye. Malkia wote wawili walishaondoka Desemba, tumebaki na ngome na askari. Ngome yangu ya d8 inashuka, inakula ngome yako ya d1. Najua nawe utaila. Usiharakishe. Mimi wiki tatu kwa hatua moja sizioni kuwa nyingi.

Mjomba wako, fundi mizani

4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeifungua juu ya gazeti kama kawaida. Zilidondoka nywele fupi za mvi, naamini ni za mwalimu, na mmoja mrefu mwekundu wa kupakwa rangi ambao sitaki kujua ulitoka kichwani kwa nani. Mama anasema wewe huna haja ya kuweka sahihi. Anasema pia shingo ya sweta haina kosa, kosa ni la shingo.

Huku masjala tumepewa agizo kwamba mafaili ya wagonjwa yasipangwe tena kwa majina, yapangwe kwa namba. Mkuu wetu, tunayemwita Mama Faili, amelipokea kama taarifa ya kifo. Kutwa tunabeba mafaili kutoka rafu moja kwenda nyingine, na mgonjwa akija dirishani anaulizwa namba yake, anajibu kwa jina la baba yake.

Saa ya chakula nacheza na dereva wa gari la wagonjwa. Ana ubao mdogo wa sumaku, kete hazianguki hata akikata kona. Anacheza kwa kasi ileile anayoendeshea. Jana alinifunga, leo nimemfunga mara mbili, na ya pili king'ora kilikuwa kimeshaanza kumwita. Usiku nikilala naona miraba kwenye dari. Mama ananiuliza kama huo ni ugonjwa wa ukoo.

Ngome yangu ya e1 inakula ya d1. Tumebaki na ngome moja moja.

Mpwa wako

9 Machi

Kwako mpwa wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi na jibu linakwenda posta leo mchana. Goti halijambo. Mama yako asiniletee maneno ya shingo.

Nimeanza kuvaa kofia. Ni hali ya hewa.

Karakana nafunga saa kumi na mbili siku hizi, wakati mwingine saa moja. Kazi ni nyingi. Zahanati wameniletea mizani ya kupimia watoto wachanga, nimeifungua na kuifunga mara tatu, ingawa mara ya kwanza ilikuwa imeshapona.

Askari wako wa a2 alikuwa amekaa bila mlinzi. Ngome yangu imetoka a8 hadi chini kabisa, imemla. Umelala?

Mjomba wako

17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sijalala. Nimekaa na barua yako siku tano nikiitazama.

Mama alikuwa anaumwa kifua, sasa amepona, anakusalimu, anauliza hali gani ya hewa inayomtaka mtu avae kofia mwezi wa Machi. Nami nauliza langu. Miaka minne tunaandikiana, hatua yako moja ilikuwa inachukua wiki tatu, mwaka juzi ilichukua saba. Hii imechukua asubuhi moja. Tena umecheza kama mtu anayekimbilia mlango. Dereva aliuona mchezo wetu kwenye ubao wake, akaniangalia, akafungua mdomo kuuliza kitu. Nikamwambia anyamaze ale chakula chake.

Kinyozi hajambo? Hukumtaja.

Askari wangu wa h anapiga hatua moja, h3.

Mpwa wako

20 Machi

Kwako mpwa wangu,

Kinyozi anaumwa kiuno. Amepumzika. Mtu wa miaka yake akiumwa kiuno si habari ya kuandikia barua, ndiyo maana sikuandika.

Mimi jioni nacheza nyumbani, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Wa kulia ni mweupe. Wa kushoto unajua kila kitu anachopanga mwenzake na bado unafungwa, kwa hiyo nimeanza kuudharau. Jirani wa ukuta wa pili alinisikia nikisema "Umegusa!" akaja kuuliza kama nina mgeni.

Naona unacheza vitu visivyo na kichwa wala miguu. h3 ndiyo nini? Nimekula askari wako wa b2. Nikikuonea huruma nitakuwa nakuharibu.

Nijibu upesi, nina nafasi.

Mjomba wako

10 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Tumemaliza kuhamisha mafaili. Mama Faili alilia kidogo kwenye herufi M, akasema ana mafua. Nilipata ruhusa ya siku mbili, nikampeleka mama kupima macho. Amepewa miwani, na sasa anaona vumbi la nyumba nzima na mimi ndiye wa kulifuta.

Nataka kukuambia jambo bila kukukosea heshima. Barua yako ya Februari ilikuwa na nywele. Hii ya mwisho, na ile kabla yake, nimezifungua juu ya gazeti, nimezikung'uta, nimezigeuza. Hakuna kitu, safi kama karatasi ya serikali. Mwanzo nilifurahi. Halafu nikafikiri: mtu akiumwa kiuno duka lake linafungwa, lakini benchi lake lina nywele za miaka ishirini na mbili, hazitoki kwa wiki moja. Wewe hujakaa kwenye lile benchi. Na chini ya hiyo kofia nadhani kuna nywele nyingi kuliko inavyofaa.

Mmegombana?

Mfalme wangu anasogea h2.

Mpwa wako

14 Aprili

Kwako mpwa wangu,

Haya. Kukaa kwenye mafaili kumekufanya uwe mpelelezi.

Ilikuwa tarehe sita Machi. Kinyozi alikuwa ananiongoza kwa askari wawili, na alikuwa karibu kunifunga tena, mbele ya watu watatu kwenye benchi na mmoja kwenye kiti mwenye povu nusu ya uso. Nilikuwa nimeshacheza, ni zamu yake. Akanyoosha mkono, akamshika malkia wake kwa vidole viwili, akamwinua. Hakusema "Nywele!" Nikamwambia, "Umegusa."

Akasema, "Natoa unywele, wewe."

Nikasema, "Hukutamka."

"Miaka ishirini na mbili, leo ndiyo unanidai kutamka?"

"Sheria ni sheria. Umegusa."

Kisha akamsogeza malkia, kwa sababu ni mtu wa sheria. Malkia hakuwa na pa kwenda pazuri. Nikamla. Baada ya hatua sita nikamfunga. Hakupuliza mkasi. Alizikusanya kete, akazitia kwenye kopo lake, akasema, "Kichwa chako kitafutie kinyozi mwingine."

Mimi sikuona unywele wowote. Wale wa kwenye benchi nao hawakuona. Sheria tuliitunga pamoja, hakuna aliyemlazimisha. Angesema neno moja tu yangekwisha. Samahani kwa hilo doa la wino hapo katikati, kalamu yangu imeanza kuvuja.

Ngome yangu inakula askari wako wa c2. Huyo ni wa tatu.

Mjomba wako

25 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo na miwani yake. Mimi sijambo. Leo sitasalimia sana.

Kalamu ikivuja huacha doa la mviringo. Doa lako lina mistari minne iliyonyooka na mmoja wa kukata. Kwenye chumba cha eksirei, karibu na masjala yetu, kuna ubao wa taa wanaotazamia mifupa. Fundi wa eksirei aliniruhusu kwa dakika moja. Nimeweka barua yako pale walipokuwa wametoa mbavu za mtu, na chini ya wino nikasoma maneno mawili, kwa mwandiko wako mwenyewe: "Niliuona kabisa."

Basi mjomba, sheria ni ile uliyonifundisha mimi nikiwa na miaka tisa, nikalia, na hukunibadilishia. Ukigusa umecheza. Hukusema "Nywele!" kabla ya kulifuta. Hilo neno umeligusa, umeliinua, wino umekauka. Huwezi kulirudisha ulikolitoa. Lazima ulicheze, na wa kuchezewa hilo si mimi, ni Kinyozi.

Askari wangu wa h anapiga tena hatua moja, h4.

Mpwa wako

8 Juni

Mjomba, shikamoo.

Ni wiki sita. Mama amekuota mara mbili, mara ya pili ulikuwa na ndevu. Nimeshika simu mara tatu nikaiweka, kwa sababu si msiba na sijui kama ni ugonjwa. Nikipita kwenye ubao wetu nyumbani nauangalia tu, unashika vumbi.

Kama nimekukosea, niambie umekasirika. Kukasirika nako ni kujibu.

Sina hatua ya kuandika, zamu ni yako.

Mpwa wako

15 Juni

Kwako mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba za barua zote ambazo sikuzijibu. Sikukasirika. Nilikuwa nacheza, na ilikuwa hatua ngumu. Msalimie dada yangu, umwambie ndoto yake ilikosea kidogo tu. Ndevu zilikuwepo.

Mwezi mzima wa Mei nilikuwa napita mbele ya duka la Kinyozi, upande wa pili wa barabara, nikijifanya natazama dirisha la duka la viatu. Mwenye viatu alikuja nje akaniuliza ninavaa namba ngapi. Mwanzoni mwa Juni nikaingia. Nikasema habari za jioni, wateja wakaitika. Yeye alikuwa anakata, hakugeuka. Juu ya stuli yetu alikuwa ameweka redio. Nikakaa kwenye benchi nikingoja zamu kama mtu yeyote. Mteja akitoka anaita, "Anayefuata!" na anamtazama wa nyuma yangu. Watu wanne walinipita. Akafunga duka. Nikaenda nyumbani na nywele zangu.

Kesho yake hivyo hivyo, watu watano. Yule mwalimu wa ndevu alinipisha, Kinyozi akamwambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyefuata." Nilikaa nikijiambia kwamba angalau nimekuja. Nadhani mtu anaweza kukaa kwenye benchi mwaka mzima akijiambia hivyo.

Siku ya tatu nikasimama katikati ya duka. Nikasema, "Niliuona."

"Nini?" Bado hajageuka.

"Unywele. Ulikuwa juu ya malkia wako, mweupe, mfupi kama punje ya mchele. Niliuona kabla hujaushika. Nilijua unachofanya."

"Sema kwa sauti, huyu wa kwenye kiti ana povu masikioni."

Nikarudia kwa sauti. Mpwa wangu, nimewahi kumwambia mwenye duka mbele ya wateja wake kwamba mizani yake inaiba, nikimtazama usoni. Hapo nilikuwa naitazama redio. Aliyekuwa kwenye kiti, niamini nikikuambia, ni yuleyule wa povu wa mwezi wa tatu. Akasema, "Hata mimi niliuona, ila sikuulizwa."

Kinyozi akammaliza bila haraka, akakung'uta shuka, akasema, "Kaa."

Alininyoa kwa nguvu kuliko kichwa changu kilivyohitaji. Alipofika nyuma ya sikio akaniambia, polepole, "Nilikuona ukiuona. Macho yako yaliushukia kabla ya mkono wangu. Nilikuwa nangoja tu nijue itakuchukua miezi mingapi."

"Ungenifunga siku ile?"

"Hatua tatu."

"Mbili," nikasema. "Nilihesabu nyumbani."

Alipokwisha akaishusha redio kutoka kwenye stuli. Kopo la kete lilikuwa chini ya sinki. Kete zilikuwa zimeoshwa, hata zile kona za ngome ambazo tangu tuzinunue zina uchafu. Mtu haoshi kete za mchezo aliouacha.

Kisha akauliza, "Na mpwa wako wa masjala, mmefika wapi?" Nikampangia mchezo wetu kwa kichwa, kete moja moja. Nikamwonyesha nimekula askari watatu, a2, b2, c2. Akainama kutazama. Akacheka, mpwa wangu, mpaka mwalimu akatoka nje kuona kama kuna ajali.

"Wewe," akasema, "huyu mtoto anakuacha hai. Tangu Machi! Mfalme wako amejifungia nyuma ya askari wake watatu, ngome yako imekwenda kuchuma, mstari wako wa nyuma ni mtupu. Ngome yake ikipanda mpaka d8, umekwisha. Tazama alichocheza badala yake: askari wa pembeni, mfalme, askari wa pembeni. Anatembeatembea."

Nikatazama. Nimecheza mchezo huu miaka arobaini. Nikaona.

Kinyozi akaniambia, "Sogeza askari wa h, mfalme apate dirisha. Hajui kama tumejua." Nilikaa na shauri lake siku mbili, na ndiyo sababu nyingine ya barua hii kuchelewa. Silifuati. Mimi nimekula maisha yangu yote kwa kurekebisha mizani zinazopunja. Ya kwako imepunja kwa kunizidishia, lakini imepunja. Najua ulifikiri mchezo ukiisha mjomba atabaki na mkono wa kulia na wa kushoto. Ulifikiri sawasawa. Sasa sibaki.

Kwa hiyo hatua yangu ni hii: askari wa b7 anasogea b6. Mfalme amekaa palepale na mlango haujafunguliwa. Ile ngome uliigusa kwa macho mwezi wa tatu. Icheze.

Kinyozi anasema umpelekee yule dereva salamu, anataka kujua kama anacheza kwa barua.

Mjomba wako

22 Juni

Mjomba, shikamoo.

Safari hii sikutandika gazeti. Zilidondoka mezani nywele za mvi, ndefu kama kidole, nywele za miezi mitatu. Mama aliuokota mmoja, akavaa miwani, akausogeza dirishani, akasema, "Huyu ni kaka yangu." Kisha akaurudisha ulipokuwa, na mpaka sasa ameninyima kufuta meza.

Dereva anasema kwa barua hawezi, atazeeka. Mwambie Kinyozi.

Ngome yangu ya d1 inapanda mpaka d8. Mfalme wako hana pa kwenda.

Panga upya, mjomba. Mara hii wewe ndiye mweupe, unaanza. Na hatua ya kwanza uiandikie kwenye benchi.

Mpwa wako